Senga wangu (shangazi) kauziwa "sabuni ya bakteria" inayoua saratani. Wenye ujuzi naomba mnisaidie kabla ya Alhamisi

#1 MpwaWaBombo · Jumapili, saa 3:12 usiku

Wakuu habari za jioni. Naandika kutoka Bombo, simu ina chaji asilimia kumi na moja, nisameheni makosa.

Senga wangu ana saratani ya titi na anatibiwa hospitali ya Mulago. Kemo, yaani dawa za saratani za mshipani, amemaliza mizunguko mitatu, ile dawa nyekundu ambayo hata mkojo unatoka mwekundu. Nywele zimekwisha, mdomoni vidonda, uji wenyewe anaumeza kwa kufumba macho. Sasa binamu yangu, kwa nia njema kabisa wala simlaumu, kaleta chupa ya lita moja na nusu ikiwa kwenye kaveera nyeusi, mfuko wa plastiki. Laki moja na elfu themanini. Muuzaji kamwambia ndani kuna sabuni inayotolewa na bakteria, na kamtumia picha za utafiti: kushoto seli za saratani zimejaa, kulia zimekufa zote. Anywe vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni, na kemo aiache "ili visigombane mwilini".

Nimelitafuta lile neno lililoandikwa chini ya picha, nikakuta si la kubuni. Wanasayansi wanalitumia kweli, na saratani wameitaja kweli. Ndipo nikakwama. Senga ananisikiliza mimi kwa sababu ndiye niliyefika chuo, hata kama nilisomea uhasibu. Mzunguko wa nne ni Alhamisi ya wiki ijayo. Je, hiki kitu kipo? Kinaua saratani? Anywe au asinywe?

#2 DerevaMalaba · saa 3:20 usiku

Laki na themanini kwa lita na nusu! Hata dizeli haijafika huko. Nimekaa kiti cha mbele na chai yangu, semeni.

#3 NalongoBusia · saa 3:41 usiku

Pole sana mwanangu, na senga umpe pole. Mambo ya bakteria siyajui, mimi nauza mukene, dagaa wa ziwani. Ila dada yangu wa kuzaliwa aliacha kemo katikati akafuata maji ya mganga mmoja ng'ambo ya mpaka. Miezi minne. Aliporudi hospitali titi lilikuwa limeshapasuka. Kemo asiache. Hayo mengine watayasema wenye maabara.

#4 Kisahani · saa 4:30 usiku

Mpwa, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kijiko cha kwanza. Mimi si daktari, ni mtu wa maabara hapa Kampala, lakini hiki kitu nimekishika kwa mikono yangu nikiwa chuo, kwa hiyo nitaandika kirefu. Anayetaka kulala akalale.

Kitu kipo. Sisi tunakiita bayosafaktanti. Ukikifikiria kama sabuni hujakosea: molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Sabuni ya kipande tunaipika kwa mafuta na kostiki. Hii bakteria wanajitengenezea wenyewe kwa shida zao: kuyavunjavunja mafuta ili wayale, kutambaa, kumtoa jirani anayegombania chakula.

Maarufu kuliko zote ni safaktini, ya Bacillus subtilis, bakteria wa kawaida wa udongo na majani makavu. Wajapani wanakula jamaa zake kwenye soya iliyovundikwa iitwayo natto, ile inayovutika kama bamia. Wajapani hao hao ndio walioieleza safaktini mwaka 1968, wakiwa wanatafuta kitu cha kuzuia damu isigande. Ni asidi amino saba zilizofungwa duara pamoja na mkia wa mafuta. Maji safi yana mvutano wa milinyutoni 72 kwa mita. Ukitia safaktini kidogo tu unashuka hadi 27. Yule mdudu anayetembea juu ya dimbwi bila kulowa, hapo anazama.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa kuwatafuta bakteria hawa kwenye udongo wa gereji za Ndeeba, pale mafundi wanapomwaga oili chafu. Nilienda na kijiko na vikopo, mafundi wakadhani nimetumwa na watu wa kodi. Huko maabara kipimo cha kwanza ni hiki: unajaza maji kwenye kisahani kipana, unadondosha oili ya injini hadi inatanda kama kioo cheusi, kisha katikati unaweka tone moja la supu waliyokulia bakteria. Kama sabuni wanayo, oili inakimbia. Linafunguka duara safi, unaona kitako cha kisahani, unapima kipenyo kwa rula. Mara ya kwanza nilipiga kelele hadi mlinzi akaja na rungu.

Kipimo cha pili ndicho nakuomba ukishike. Tunachukua agari, ile jeli ya kukuzia bakteria, iliyochanganywa na damu ya kondoo, nyekundu kama nyanya ya kopo. Tunawapanda bakteria juu yake na kuwaacha usiku kucha kwenye nyuzi 37. Asubuhi, wale wenye safaktini unawakuta wamezungukwa na pete isiyo na rangi. Ndani ya pete hiyo hakuna chembe nyekundu ya damu iliyobaki nzima. Zimepasuliwa zote. Hivyo ndivyo tunavyowatambua, kwa damu waliyoivunja.

Ukiiona pete ile, picha za muuzaji zinabadilika maana. Kesho nitaendelea, umeme wa huku unacheza.

#5 MpwaWaBombo · Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Shukrani sana mkuu. Pete nimeielewa, imenitisha kidogo. Lakini picha zinaonyesha seli za saratani zimekufa. Hata kama inapasua damu, si inapasua na saratani?

#6 Kisahani · Jumatatu, saa 7:15 mchana

Inapasua, ndiyo. Na hapo ndipo watu wanapouziwa chupa.

Seli za kwenye picha hazikuwa ndani ya mtu. Zinakuzwa kwenye kibao cha plastiki chenye visima 96, kila kimoja hata kidole kidogo hakiingii. Unatia dawa yako, unasubiri siku moja au mbili, halafu unatia rangi ya njano iitwayo MTT. Seli iliyo hai inaigeuza zambarau, iliyokufa inaiacha njano ilivyo. Kipimo hicho kipo tangu 1983 na dunia nzima inakitumia, kwa sababu ni rahisi na majibu yanaonekana kwa macho.

Sasa weka sabuni ya maji ya jikoni kwenye kisima kimojawapo. Njano tupu. Weka chumvi nyingi: njano. Weka waragi, pombe kali ya huku: njano. Hakuna atakayeandika kwamba waragi inatibu saratani, ingawa hapa Uganda wa kujitolea kwenye majaribio wangejaa hadi barabarani.

Ukuta wa nje wa seli ni utando wa mafuta, safu mbili zimelaliana mikia ndani. Kitu chenye mkia wa mafuta kinajichomeka humo. Kikiwa kidogo, utando unayumba na kuvuja. Kikiwa kingi, unachanika. Kwa hiyo kuua seli ndani ya plastiki ni kazi ndogo. Kinachowaumiza watafiti vichwa ni kama kwa kipimo hicho hicho seli nzima ya jirani, yaani isiyo na saratani, inapona. Na ukiingiza kitu kwenye mshipa, jirani wa kwanza kukutana naye ni chembe nyekundu. Pete umeshaiona.

#7 MitiShamba_WestNile · Jumatatu, saa 8:02 mchana

Mimi natibu kwa mizizi, kazi ya baba yangu na babu yangu, na sijawahi kumwambia mtu aache hospitali. Huyo muuzaji simtetei. Ila nyinyi wa maabara mna tabia moja: cha kwetu kikija bila koti jeupe ni uchafu. Kikichukuliwa ng'ambo, kikawekwa kwenye kichupa chenye lebo, kinarudi kwa dola na mnakipigia magoti. Dawa ngapi zimetoka kwenye miti? Na ngapi kwenye udongo? Bakteria nao ni viumbe vya Mungu. Mzungu akisema anasubiri utafiti, sisi tunakufa tukisubiri naye.

#8 SistaZamu · Jumatatu, saa 10:30 jioni

Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma uzi wote ndani ya taksi.

Mzee wangu MitiShamba, umesema kweli kuliko unavyodhani. Vinkristini, ambayo tunawapa watoto wenye uvimbe wa Burkitt, inatoka kwenye ua la Madagaska, lile la rangi ya waridi ambalo watu wanalipanda mbele ya nyumba bila kujua. Na ile dawa nyekundu ya senga, doksorubisini, inatoka kwa bakteria wa udongo aitwaye Streptomyces peucetius. Waitaliano waliipata miaka ya 1960 na jina la biashara wakalichukua kwenye bahari yao ya Adriatiki. Bleomisini nayo ni ya bakteria, Mjapani Umezawa na wenzake. Kwa hiyo Mpwa, senga wako dawa ya bakteria yumo nayo tangu mzunguko wa kwanza.

Ila ione inavyotolewa. Doksorubisini inachosha moyo, na uchovu wake haufutiki, unajumlishwa. Ndiyo maana kila miligramu anayopewa inaandikwa kwenye faili, na ikifika kiwango fulani cha maisha yake yote hapewi tena hata akiomba. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama ya mkono, kwa hiyo nakaa pale pale hadi sindano iishe. Hiyo ni dawa ya bakteria iliyopimwa. Chupa yenu ni vijiko vitatu. Vijiko vya nini? Nani alivipima?

La pili, na hili Mpwa usome mara mbili. Siku ya kumi hadi ya kumi na nne baada ya kemo, chembe nyeupe za damu ya senga, zinazopigana na maradhi, zinakuwa chini kabisa. Wakati huo bakteria ambao mimi na wewe tunawameza kwenye maji bila habari wanaweza kumlaza. Homa ikifika nyuzi 38 analetwa hospitali usiku huo huo, hakuna kusubiri kukuche. Na mtu anataka kumnywesha supu ya bakteria kwa vijiko!

Mnaitaja safaktini, lakini ipo na ramnolipidi, sabuni nyingine maarufu. Anayeitengeneza ni Pseudomonas aeruginosa. Sisi wa wodini jina hilo likitoka maabara tunanyamaza. Ndiye tunayemwogopa kuliko wengi kwa mgonjwa aliyeishiwa chembe nyeupe. Na kazi mojawapo ya ramnolipidi zake ni kuzipasua chembe nyeupe zinazokuja kumkamata. Yaani sabuni hiyo ni silaha yake dhidi ya askari wetu, basi mnywesheni mtu asiye na askari.

Samahani kwa ukali, nimechoka.

#9 MzeeNsambya · Jumatatu, saa 1:05 usiku

MitiShamba, hilo la kusubiri utafiti wa wengine, kidogo nikurekebishe ndugu yangu. Kwenye saratani Uganda haikusubiri mtu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto wetu. Vipande vya uvimbe huo vikawa vinapelekwa London kwa Anthony Epstein. Mwishoni mwa 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ikapotezwa na ukungu, ikatua Manchester. Kichupa kilipofika kwa Epstein maji yake yalikuwa yamechafuka, meupe meupe, na mtu yeyote angesema bakteria wameingia, mwaga. Akayatazama kwanza kwa darubini. Zilikuwa seli za uvimbe zenyewe, zimejing'oa kwenye kipande, zinaelea hai. Kwenye seli hizo ndimo walimokuta, mwaka 1964, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Na mwaka 1967 hapo hapo Mulago kikaanzishwa kituo ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, na dawa za kuchanganya kwa uvimbe wa Burkitt zikajaribiwa humo kabla ya nchi nyingi kuzigusa.

Wagonjwa walikuwa wetu, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika hapa. Kwa hiyo kupima tunajua.

#10 MitiShamba_WestNile · Jumatatu, saa 1:22 usiku

Mzee hapo nimekubali. La kichupa kuchafuka sikulijua.

#11 MwanafunziMbarara · Jumatatu, saa 3:40 usiku

Naomba nipingane na Kisahani, kwa heshima. Kwamba chupa ni wizi tunakubaliana, ila umeirahisisha sayansi mno. Ukimsikiliza mtu atadhani safaktini ni sabuni ya kuoshea vyombo basi.

Utando wa seli ya saratani haufanani na wa seli nzima. Kuna mafuta yaitwayo fosfatidilserini ambayo seli nzima inayaficha upande wa ndani. Seli za saratani mara nyingi zinayaacha nje. Mpangilio wa kolesteroli nao unaweza kutofautiana. Kwa hiyo kitu kinachojichomeka kwenye mafuta kinaweza kumchagua mmoja na kumwacha mwingine, angalau kwa kipimo kidogo.

Halafu si kila kifo ni cha kupasuka. Tangu 1974 Wajapani waliripoti kwamba safaktini ya bakteria wa natto inaathiri seli za uvimbe wa panya uitwao Ehrlich. Mwaka 2007 Wakorea walionyesha kwamba seli za saratani ya utumbo mpana zikipewa safaktini zinasimama kugawanyika, zile ishara za ndani zinazoziambia "endelea kuishi" zinazimwa, na seli inajiua kwa utaratibu wake, inajikunja na kujifungasha vipande vipande bila kumwagika. Sabuni ya vyombo haifanyi hivyo, inachana tu. Kwenye seli za titi pia imeonekana, zile MCF-7, ambazo zilitoka kwa mtawa mmoja wa Michigan mwaka 1970 na mpaka leo zinakua kwenye maabara za dunia nzima.

Na mfano wa kuchagua upo tayari maabara. Seli zikivamiwa na mikoplazma, vile vibakteria visivyo na ukuta, safaktini inaweza kuviua na seli zikabaki hai. Utando kwa utando, kimoja kimekufa, kingine kimepona. Kwa nini tusiwe na matumaini?

#12 Kisahani · Jumatatu, saa 5:10 usiku

Mwanafunzi nimefurahi, hili ndilo jamvi nililokuwa nalitaka. La mikoplazma umenipata, niliisahau kabisa. Na la kujiua kwa utaratibu nakubali, matokeo hayo yapo.

Lakini kipo cha upande wa pili. Mwaka 2014 walitoka watafiti wakafanya kitu ambacho wengi wanakiruka: waliziwekea ramnolipidi seli za saratani na seli nzima, bega kwa bega. Zilikufa sawasawa. Hakukuwa na kuchagua. Kifo kilifuata kushuka kwa mvutano wa maji zilimokuwa zinaogelea, haidhuru seli ni ya nani. Na walipoongeza seramu ya ndama, ile tunayotia kulishia seli, makali yalipungua, kwa sababu protini zinaikumbatia sabuni. Sasa fikiria damu ya mtu ilivyojaa protini. Kipimo kilichoua kwenye kisima kinafika kwenye uvimbe kimekwisha makali, na ukikiongeza ili kifike, unarudi kwenye pete yangu.

Utasema hiyo ni ramnolipidi, si safaktini. Ni kweli, ni mkia tofauti na kichwa tofauti. Ila ninaposoma makala inayosifia sabuni yoyote ya bakteria, siku hizi naangalia kwanza kama waliweka seli nzima pembeni, na kama walipima damu. Wengi hawakuweka.

#13 MwanafunziMbarara · Jumatatu, saa 5:34 usiku

Hapo tuko pamoja. Mimi naona njia ya safaktini haitakuwa ya kuimwaga peke yake kwenye mshipa. Mwaka 2018 walitengeneza vijipunje vidogo mno vya safaktini, ndani wakapakia doksorubisini, ile ile ya senga. Wakavijaribu kwenye seli za titi zilizokwisha kuizoea dawa, zile zinazoitema nje kila ikiingia, na kwa panya pia. Dawa ikakaa ndani zaidi. Hapo sabuni ni mbebaji, anayeua ni mwingine.

Na ndoto yangu, mnicheke mkitaka, ni kwenda Kibiro, Hoima, kando ya ziwa Albert. Mafuta ghafi yanajitokea yenyewe ardhini, chemchemi ya moto iko hapo hapo, na akina mama wanachuja chumvi kwenye udongo huo huo. Bakteria wa mahali penye mafuta, joto na chumvi lazima wawe na sabuni za ajabu.

#14 DerevaMalaba · Jumatatu, saa 5:40 usiku

Nimesoma yote mpaka chai imepoa. Yaani kitu ni cha kweli, utafiti ni wa kweli, picha ni za kweli, na chupa bado ni wizi. Hii nchi ina vipaji.

#15 NalongoBusia · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Mimi nina swali la mchuuzi. Nyote mnajadili safaktini. Nani amesema kwenye hiyo chupa imo? Mimi nikiuziwa gunia la mukene nachomeka mkono hadi chini, maana juu wanaweka wazuri.

#16 Kisahani · Jumanne, saa 6:40 mchana

Nalongo, wewe ndiye ulipaswa kuwa msimamizi wa mradi wangu.

Kuipata safaktini safi ni kazi. Kwanza bakteria wanalishwa sukari kwenye chupa inayotikiswa siku mbili tatu, na povu linapanda kama uji uliosahauliwa kwenye sigiri. Mimi lilinimwagikia kwenye mashine, nikafuta sakafu hadi saa nne usiku. Kisha unazungusha supu kwa kasi bakteria wakae chini, unachukua maji ya juu, unatia asidi hadi yanakuwa makali kama ndimu, unalaza kwenye friji. Asubuhi kitako kina tope la rangi ya maziwa yenye chai. Lita nzima ilinipa tope la kufunika ncha ya kijiko, na hapo bado ni chafu, unaendelea kuisafisha wiki nzima. Mtu anayetoa lita moja na nusu kwa laki na themanini, ama ni mwenye kiwanda, ama ametia kitu kingine.

Mpwa, usionje. Fanya hivi jikoni. Chukua kisahani cheupe, kioshe, kisuuze sana sana, maana sabuni iliyobaki itakudanganya. Tia maji safi, acha yatulie. Nyunyiza unga wa pilipili manga juu, mwembamba. Dondosha tone moja la kile cha chupa katikati. Kama ndani kuna sabuni ya maana, iwe ya bakteria au ya dukani, pilipili itakimbilia ukingoni kwa sekunde moja. Kisha rudia kwenye kisahani kingine kwa tone la sabuni ya maji, ili uone kukimbia kwenyewe kunafananaje.

Nakuonya kabisa: ikikimbia haina maana ni dawa. Hata tone la waragi linaisukuma. Kipimo hiki kinaweza kumuumbua muuzaji, kumsafisha hakiwezi.

#17 SistaZamu · Jumanne, saa 7:02 mchana

Na vyovyote itakavyokuwa, chupa ije nayo hospitali Alhamisi. Mwonyesheni daktari wake, kama alishaonja hata kijiko kimoja semeni, hatagombezwa. Dawa yoyote inayouzwa nchini inapaswa kuwa imepita Mamlaka ya Taifa ya Dawa, kwa hiyo angalieni kama kuna namba yoyote kwenye lebo.

#18 MpwaWaBombo · Jumanne, saa 2:25 usiku

Lebo haipo. Kuna karatasi ya gundi imeandikwa kwa kalamu: tikisa kabla ya kunywa.

Nimefanya kipimo mbele ya senga mwenyewe, nimemkalisha kwenye mkeka ukumbini, binamu pembeni amenuna. Visahani viwili vyeupe vya chai, pilipili manga tumesaga kwa kinu. Tone la kwanza la chupa: pilipili imekaa. Nikadhani tone dogo. La pili, la tatu. Imekaa pale pale kama watu kwenye foleni ya benki, tone limezama chini likaacha mkia wa rangi ya kahawia. Harufu ni ya sukari guru na kitu kilichochacha, kama bushera, togwa yetu ya nafaka, ya siku tatu. Kisha kile kisahani cha pili, tone la sabuni ya vyombo. Aisee! Pilipili iliruka ukingoni senga akavuta mguu.

Akaomba nirudie ya chupa tena. Nikarudia. Imekaa.

Senga hajacheka tangu mzunguko wa pili. Leo amecheka hadi akashika kifua, akamgeukia binamu akamwambia, "Laki na themanini, mwanangu, na hata kisahani hakioshi."

Binamu naye akacheka mwishowe. Amesema chupa ataibeba mwenyewe amwonyeshe daktari. Hakuna aliyeonja, Sista, nimeuliza mara mbili.

#19 DerevaMalaba · Jumanne, saa 2:31 usiku

Naomba senga ajiunge humu.

#20 SistaZamu · Jumanne, saa 3:00 usiku

Vidonda vya mdomo: asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara nne tano kwa siku, na pilipili manga ibaki kwenye kisahani. Damu inapimwa lini?

#21 MpwaWaBombo · Jumanne, saa 3:08 usiku

Jumatano ijayo asubuhi, kemo kesho yake. Tunapanda taksi ya kwanza kutoka Bombo, saa kumi na moja.